Mkimbiaji Mwenye Viatu Kumi na Sita

Ninaandika haya kwa nia njema. Katika nchi yetu kila kinachoandikwa huandikwa kwa nia njema, na kisichokuwa nayo huchukuliwa ofisini kikaandikwe upya na watu wanaoijua zaidi. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, bali kwa kuwa hubadilishwa kila anapoingia Mkuu mpya, na sitaki msomaji apate tabu ya kufuta. Itoshe kusema ni nchi ya milima, ina bendera, ina wimbo wenye beti tisa, na ina Wizara ya Michezo, Milima na Mapokezi, ambako mimi, Zefania, nilikuwa Karani Msaidizi wa Itifaki kwa miaka kumi na tisa.

Nataka kueleza jinsi dada yangu Nakijwa alivyoshinda mbio za mlimani za kilomita sabini bila kukanyaga chini.

Nakijwa aliishi Kirundwe, kijiji tulichozaliwa, upande wa nyuma wa Mlima Gamba. Kutoka Kirundwe mpaka hospitali ya wilaya ni kilomita ishirini na mbili za njia ya miguu: mito mitano isiyo na daraja, mawe yanayoteleza hata wakati wa kiangazi, na mahali pawili ambapo mwenye kitambi lazima apite ubavu na kuomba Mungu. Kwa miaka kumi na moja watu wa Kirundwe waliandika barua kuomba barabara. Najua ni kumi na moja kwa kuwa barua zao nilizipokea mimi, nikazigonga muhuri, nikaziweka kwenye faili. Faili lilipojaa nilifungua lingine. Hakuna anayeweza kusema sikufanya kazi yangu.

Mwaka wa kumi na mbili serikali ilisikia. Ilimtuma mtaalamu akaiangalie njia. Alipanda, akashuka, akalazwa siku nne. Alipopata nafuu aliandika ripoti ndefu yenye picha za rangi, akisema njia ya Kirundwe ni mbaya kiasi ambacho hajapata kukiona popote, na kwa hiyo ni utajiri. Watu wa nchi za mbali, alieleza, wana barabara mpaka zimewachosha. Huziacha wakaenda kutafuta mahali pabaya pa kukimbilia, na hulala kwenye mahema wakisubiri zamu ya kuteseka. Wizara ilifurahi sana. Watu waliomba barabara, wakaletewa mbio.

Mara ikatungwa sheria ya kulinda ubaya wa njia. Kuondoa jiwe njiani ikawa hujuma. Kulaza gogo mtoni ili watu wavuke ikawa hujuma ya daraja la kwanza. Mzee mmoja aliyechimba vidaraja vitatu vya kukanyagia kwenye utelezi ili mkewe apite na kuni alifungwa miezi miwili, na alipotoka aliamriwa avifukie mwenyewe mbele ya kamati. Na siku tatu kabla ya mbio njia yote ilifungwa, isipokuwa kwa mtu mwenye namba ya Wizara kifuani.

Lakini serikali yetu haikosi shukrani. Kirundwe, kwa kuwa ni jamii mwenyeji, ilipewa namba moja ya bure ili nayo ishiriki. Ilikuwa namba 212. Kijiji kilimchagua Mbazi, mume wa Nakijwa, mtu mwenye mapaja ya kubeba machela, na siku aliyoichukua namba hiyo Nakijwa aliniandikia ujumbe kwenye simu: "Shemeji yako anakimbia nyuma ya nyumba na kitambaa kifuani. Kuku wamehama."

Wakati huo tumbo lake lilikuwa la miezi tisa kasoro siku chache.

*

Hapa inabidi nieleze Kifungu cha Kumi na Nne, maana bila hicho mtu anaweza kunielewa vibaya.

Mwaka wa kwanza wa mbio, Mgeni Rasmi alichelewa kidogo, saa tatu tu. Alipofika alimkuta mshindi ameshaoga, ameshakula wali, anacheza bao chini ya jukwaa. Mheshimiwa aliumia moyo. Alisema hajawahi kudharauliwa hivyo na miguu ya mtu. Mkurugenzi wa Mbio wa wakati ule alihamishiwa kwenye mkoa ambao ulikuwa haujaundwa, na mpaka leo anasubiri uundwe ili aripoti kazini. Mkurugenzi mpya, mtu mwenye busara, aliingiza kwenye Mwongozo Kifungu cha Kumi na Nne: "Hakuna mkimbiaji atakayemaliza mbio kabla Mgeni Rasmi hajaketi."

Ili kifungu kitekelezeke, ilitafutwa sehemu nyembamba kuliko zote, mita mia nane kabla ya uwanja, panapoitwa Mlango wa Jiwe. Kulia ni ukuta wa mwamba, kushoto ni bonde, na katikati hakupiti zaidi ya watu wawili. Hapo ikafungwa kamba nyekundu. Ikawekwa meza, fomu, redio, saa ya kupimia muda, askari wawili na karani mmoja wa itifaki mwenye uzoefu. Karani huyo alikuwa mimi. Nilivaa tai.

Kutoka Mlango wa Jiwe unaliona jukwaa lote. Na ukuta kwa ukuta na uwanja unaliona paa la hospitali ya wilaya, la bati jipya la bluu, lililopakwa rangi kwa ajili ya siku hiyo.

*

Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi uwanjani. Namba 212 haikutokea. Karani wa kuanzia aliita mara tatu kama inavyotakiwa, akaandika "hajafika," bunduki ikapigwa, na wakimbiaji mia mbili na kumi na moja wakapotea kwenye ukungu.

Mbazi alikuwa nyumbani kwake, ameshika mkono wa mkewe. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu jana yake, na mkunga wa kijiji alipopapasa mara ya mwisho aliosha mikono, akatoka nje, akawaambia wanaume, "Huyu si wa kwangu tena. Mtoto amekaa vibaya na damu imeanza. Mpelekeni."

"Njia imefungwa," akasema mmoja.

"Basi mimi sijui," mkunga akajibu. "Nimesema mpelekeni."

Mbazi aliingia ndani, akachukua kile kitambaa chenye namba 212, akakibana kwa pini nne kwenye blanketi, juu ya kifua cha mkewe.

Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela: miti miwili mirefu na blanketi zito katikati. Wanaume wanne wanabeba, wanne wanafuata, na aliyechoka akisema "Bega!" aliye nyuma yake anaingia chini ya mti bila mwendo kukatika. Wanakunywa maji wakitembea, wanaapa wakitembea. Machela yenye mtu aliye hai haiwekwi chini. Mgonjwa hagusi ardhi mpaka mlangoni pa hospitali. Ikiwekwa chini njiani, watu wa Kirundwe hawaulizi kitu. Wanaume wanavua kofia na wanawake wanaanza kulia.

Waliondoka saa tatu asubuhi. Kilomita moja chini ya kijiji walisimamishwa kwenye Kituo cha Nne cha kukagua wakimbiaji. Karani wa pale alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani, na maneno waliyosemezana nimeyapata kwake mwenyewe.

"Mkimbiaji ni nani hapa?" aliuliza.

"Huyu aliyelala," Mbazi akasema.

"Na ninyi wanane?"

Mbazi aliwatazama wenzake. "Sisi ni miguu yake, mama."

Yule mama alimtazama Nakijwa usoni kwa muda. Kisha akafungua Mwongozo, akaupekua mpaka kwenye kifungu cha viatu, kinachosema mkimbiaji anaruhusiwa viatu vya aina yoyote. Idadi haikutajwa. Akaandika: "Namba 212. Jinsia: ke. Viatu: kumi na sita." Halafu akakagua vifaa vya lazima. Blanketi, lipo. Maji, yapo. Filimbi ya kuombea msaada, hakuna. Akavua ya kwake shingoni akamvisha dada yangu, akaandika kwamba ipo.

"Usiipulize," alimnong'oneza. "Anayeomba msaada anaondolewa mashindanoni. Watakurudisha ulikotoka."

Nakijwa akamwambia, "Mama, mimi nina shida ya kupumua tu, sina ya kupuliza." Yule mama anasema walicheka wote wawili. Namwamini. Dada yangu alikuwa hivyo.

*

Sasa kwenye redio kukawa na jambo la ajabu. Namba 212, ambayo haikuanza mbio, ilikuwa kilomita ya arobaini na tisa na inaongoza kwa zaidi ya saa nzima. Kamati ya Ufundi ilikaa kwa dharura chini ya hema la soda. Wengine walisema ni udanganyifu. Wengine walisema mkimbiaji hawezi kuwa kilomita ya arobaini na tisa bila kuwa amepita ya kwanza, kwa hiyo kuwapo kwake kule ni ushahidi kwamba alianza, na aliyeandika "hajafika" ndiye mwenye makosa. Mkurugenzi alikubaliana na hawa wa pili, kwa sababu alikuwa ameshampigia simu msaidizi wa Mgeni Rasmi kumwambia kwamba jamii mwenyeji inaongoza, tena ni mwanamke, na msaidizi alikuwa ameshaongeza aya mbili kwenye hotuba.

Mshereheshaji akatangaza. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Watoto wa shule wakafundishwa papo hapo wimbo wenye neno Kirundwe.

Na mimi pale mlimani nilisimama, nikainyoosha tai yangu, nikaona fahari. Sikujua bado. Nilidhani karani wa huko amekosea akamwandikia Mbazi jinsia isiyo yake. Nilijisemea, leo shemeji yangu atapokewa na mtu mkubwa, na mimi ndiye nitakayemfungulia kamba.

Walitokea kwenye kona ya juu yangu saa saba kamili mchana. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuchomachoma. Kwanza nilisikia "Bega!" Nilijua sauti hiyo kabla sijaona mtu, hata baba alibebwa hivyo. Kisha nikawaona wanaume wanane, wamelowa mpaka kwenye nyusi, na machela juu ya mabega yao, na namba 212 ikipanda na kushuka kwa shida.

"Shemeji, fungua," Mbazi akasema. Hakusalimu.

Nilimwona Nakijwa. Uso ulikuwa umepauka. Blanketi upande wa chini lilikuwa na rangi nyingine.

"Shemeji, Mgeni Rasmi hajaketi," nikasema.

"Aketi wapi? Fungua, dada yako anatoka damu."

"Nauliza sasa hivi. Dakika moja tu." Nikashika redio. "Uwanja, Uwanja, hapa Mlango wa Jiwe. Nina mgonjwa hapa."

"Mlango wa Jiwe, una mkimbiaji," akajibu Mkurugenzi. "Wagonjwa hawamo kwenye mbio, wote walipimwa afya. Mgeni Rasmi yuko darajani anasalimia wananchi. Kaza kamba."

Wanaume walisimama. Hawakuishusha. Walibadilishana mabega pale pale walipokuwa, na damu ikawa inadondoka kwenye jiwe, tone, halafu tone, na mvua ikiiosha.

"Kaka," Nakijwa akaniita.

Nilisogea karibu. "Naam, mdogo wangu. Vumilia, naomba ruhusa."

"Hiyo tai umevaa ya nini mlimani?"

"Ni itifaki."

"Umeikaza mno. Legeza, utajinyonga." Akatabasamu kidogo, akafumba macho.

Niseme wazi kitu hapa. Nilimlea Nakijwa. Mama alikuwa shambani siku zote, na mimi ndiye niliyemvusha mito yote mitano mgongoni nikimpeleka kliniki alipokuwa mdogo, akinivuta masikio kunielekeza kushoto na kulia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nasema haya ili msomaji asije akafikiri nilikuwa nimesahau yule aliyelala pale ni nani.

Redio: "Mgeni Rasmi amesimama kufungua bomba la maji."

"Lilifunguliwa mwaka jana," nikasema.

"Lilifunguliwa na mtangulizi wake. Anafungua upya."

"Mkurugenzi, basi daktari apande huku."

"Daktari yuko kwenye mstari wa kupokea. Ni wa tisa. Akitoka, wa kumi atakuwa wa tisa, na majina tumeshayachapa."

"Gari la wagonjwa?"

"Liko kwenye msafara, Zefania. Unataka msafara uje bila gari la wagonjwa? Mheshimiwa akipata kikohozi njiani utajibu wewe?"

Saa saba na robo akafika mkimbiaji wa pili, Koplo mmoja wa jeshini, bingwa wa taifa, mwembamba, matope mpaka kiunoni. Alidhani amefika peke yake. Aliona machela, akaona jiwe, akaacha kuhema.

"Kuna nini hapa?"

"Tunamngojea Mgeni Rasmi," nikamwambia.

"Huyu mama naye anamngojea?"

Nikaitazama redio. Koplo akavua koti lake la mvua akamfunika dada yangu miguu. Kisha akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, mwachie apite. Mimi niandike nimeshindwa. Niandike nimefutwa. Andika unavyotaka, lakini huyu apite."

Nilipeleka ombi lake kwenye redio, neno kwa neno. Mkurugenzi alilifikiria kwa haki. Akasema haiwezekani, kwa sababu hawezi kupatikana wa pili kabla ya kupatikana wa kwanza, na wa kwanza hapatikani kabla Mgeni Rasmi hajaketi. Aliongeza kwamba moyo wa Koplo unafaa kutajwa kwenye hotuba.

Nyuma wakaendelea kufika wengine. Wa tatu, wa nne, mgeni mmoja mwenye ndevu aliyedhani ni sehemu ya utamaduni wetu, akapiga picha mpaka Koplo alipomshika mkono. Njia ikajaa. Walisimama wima kwenye mvua, mmoja nyuma ya mwingine, wakipeana habari kwa kunong'ona, na jinsi habari ilivyorudi nyuma ndivyo minong'ono ilivyonyamaza.

"Kaka," akaniita mara ya pili. "Bado?"

"Wanakaribia," nikasema.

Kamba ile niliifunga mwenyewe asubuhi. Ilikuwa fundo moja la kuvuta, na mtoto angelifungua. Wale askari wawili walikuwa na bunduki, ni kweli. Lakini mmoja wao, mkubwa wao, ilipotimu saa saba na nusu, alimgusa mwenzake begani, na wote wawili wakageuka wakatazama bonde. Walitazama bonde muda mrefu. Hakukuwa na kitu cha kutazama huko zaidi ya ukungu. Nilielewa walichokuwa wananiruhusu kufanya, na Mbazi alielewa, akanitazama.

"Shemeji," akasema. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya mti. "Vuta tu."

Sikuvuta. Watu wananiuliza kwa nini, na mimi pia nimekaa nikatafuta sababu kubwa, ya kutisha, inayolingana na jambo lenyewe. Sijaipata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kuambiwa fungua ndipo nifungue. Niliweka mkono kwenye fundo, nikasubiri kuambiwa.

"Bega!" akasema mmoja. "Bega!" akasema mwingine. Halafu pakapita muda bila mtu kusema hivyo. Mbazi alikuwa ameegemeza shavu kwenye blanketi, anasikiliza.

"Shusheni," akasema.

Wanaume wanane wakapiga magoti pamoja, wakamshusha dada yangu kwenye jiwe. Wakavua kofia zao. Koplo alikaa chini palepale kwenye matope akaweka kichwa katikati ya magoti yake.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na tano. Saa saba na dakika arobaini na saba redio ilipiga kelele: "Ameketi! Ameketi! Fungua! Fungua!" Nikafungua. Sijawahi kutekeleza amri kwa haraka namna hiyo.

*

"Amefariki," nikasema kwenye redio.

"Liondoe neno hilo hewani," Mkurugenzi akasema. "Fomu yako ina nini? Ina 'amemaliza,' ina 'hakumaliza,' ina 'ameondolewa.' Akivuka utepe amemaliza. Mlete, watu wanasimama."

Mbazi na wenzake hawakutaka uwanja. Walitaka kugeuka, wamrudishe Kirundwe. Lakini nyuma yao njia nzima ilikuwa imejaa wakimbiaji, na pale hakuna nafasi ya kugeuza machela. Ilibidi washuke mpaka uwanjani ndipo wapate mahali pa kuzungukia. Kwa hiyo walimfunika uso, wakamnyanyua, wakashuka mita mia nane polepole. Hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyewapita. Koplo aliwafuata kwa kutembea, na waliobaki wote wakatembea nyuma yake.

Uwanjani walipokewa na bendi. Utepe ukakatwa na ncha ya mbele ya machela. Mshereheshaji, ambaye hakuwa ameambiwa, alisema mshindi wetu amechoka sana, jamani tumpigie makofi asikie. Watoto wa shule wakaimba ule wimbo wa Kirundwe. Mgeni Rasmi alishuka jukwaani kwa hatua kumi na mbili zilizopangwa, akaiweka medali juu ya blanketi, akatazamana na kamera, akarudi kwenye kipaza sauti. Daktari, yule wa tisa, alitoka mstarini bila ruhusa. Alifunua blanketi, akaweka vidole shingoni, akaweka mkono tumboni akauacha hapo kitambo. Kisha akafunika. Alifungua mdomo kusema kitu, lakini hotuba ilikuwa imeanza.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Mgeni Rasmi. "Ndugu wananchi! Kwa miaka kumi na moja wizara imekuwa ikipokea barua kutoka Kirundwe. Zinasema njia haipitiki. Zinasema mama mjamzito hawezi kufika hospitali. Leo nimekuja mwenyewe, nimeona kwa macho yangu. Mama mjamzito ametoka Kirundwe, amefika, tena amefika wa kwanza! Amewaacha wanajeshi! Amewaacha wageni! Sasa nawauliza wataalamu wangu, kwa mwendo huu, barabara ya nini?"

Wataalamu walipiga makofi.

Mbazi alikuwa amesimama chini ya mti wa machela, bega la kulia. Alisubiri bendi ipishe, wakageuka, wakaanza kupanda. Medali ilianguka kwenye nyasi na hakuna aliyeiokota.

*

Kamati ya Ufundi ilikaa tena jioni ile ile kusahihisha muda. Kulikuwa na tatizo la zile dakika arobaini na saba. Ikiwa zitahesabiwa, mtu anaweza kusema mshindi alicheleweshwa, na aliyemchelewesha ni nani? Baada ya majadiliano ya kina waliamua kwamba muda kati ya mkimbiaji kufika kwenye kamba na Mgeni Rasmi kuketi ni muda usiohesabika, na ukafutwa kwenye kumbukumbu zote. Dada yangu akawa na rekodi ya taifa. Nilipewa nakala ya matokeo yenye muhuri. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, Nakijwa alifika Mlango wa Jiwe saa saba kamili na akapita saa saba kamili. Sikumzuia hata sekunde. Mbele ya sheria mimi ni mtu safi kabisa.

Niliondoka na karatasi hiyo asubuhi iliyofuata, nikapanda Kirundwe. Sikuwa na namba, lakini mbio zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyenisimamisha. Nilikuta kaburi limeshachimbwa, moja, la watu wawili. Mbazi alinipa mkono bila kunitazama. Wale wenzake saba walikuwa wamelala kwenye nyasi, mabega yamevimba, na wanawake wanawakanda kwa maji ya moto.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nilipiga magoti mbele yake. Sikujua pa kuanzia, nikatoa karatasi. Nikamsomea. Nikamwonyesha muhuri. Nikamweleza kwamba Kamati imekaa, kwamba dakika zile zimefutwa, kwamba hata ukienda kuuliza wizarani hutazikuta popote.

Mama aliisikiliza yote mpaka mwisho. Hakukasirika. Alinishika mkono.

"Zefania, mwanangu," akasema, "mimi ya karatasi siyajui. Mbazi ameniambia ulikuwa karibu naye. Niambie tu alisema nini."

Nikamwambia. Nilimwambia alinitania kuhusu tai. Nilimwambia aliuliza kama bado, nikamjibu wanakaribia.

"Basi? Hakusema kingine?"

"Aliniita tena, mama. Mara ya tatu. Alisema 'kaka.'"

"Alitaka nini?"

"Sijui," nikasema. "Redio iliniita wakati uleule, nikaitika redio."